Nilivyolipeleka Jina la Steinbach Durban

Siku tulipoanua matanga ya kaka yangu Aloisi, wazee wa ukoo waliuliza mara tatu ni nani atakayelichukua jina lake, na mara zote tatu hapakuwa na aliyejibu. Kwetu Mgeta, juu kwenye milima ya Uluguru, mtu akifa jina lake haliachwi chini. Hutafutwa mmoja wa ukoo, hukalishwa kwenye kigoda, hufungwa shuka nyeupe, na kuanzia hapo yeye ndiye marehemu. Watoto wa marehemu humwita baba, hata kama juzi walikuwa wakicheza naye bao na kumtukana. Akiulizwa jambo linalomhusu marehemu, hasemi "yeye", husema "mimi".

Wapwa wawili wa umri wa kufaa walikuwa wamepanda kutoka Dar es Salaam. Wa kwanza alisema kanisa lake jipya halitaki mambo ya mizimu. Wa pili alikuwa anatazama simu. Basi nikakalishwa mimi, mzee wa miaka sitini na tatu, bwana shamba mstaafu, mjane kwa mwaka wa tisa sasa, nisiye na mtoto hata mmoja. Nilipewa jina ambalo baada yangu halina wa kulishika. Wageni walipoondoka nilibaki na shuka jipya na funguo za nyumba mbili tupu, ya kaka na ya kwangu.

Jina lenyewe ni Steinbach, na tangu enzi za baba ndilo jina la ukoo kwenye vyeti vyetu. Kwetu kila mtu hulitamka anavyojua, na mimi nimezoea kuitika namna zote. Lilifika kwetu hivi. Babu yangu mzaa baba, Kobelo, alikuwa mtunza bustani wa Mjerumani aliyeitwa Ernst Steinbach, aliyelima njegere na kabichi kwenye miteremko yetu kabla ya ile vita ya kwanza. Vita ilipopanda mlimani, Wajerumani wenzake waliondoka na jeshi. Yeye alikuwa na homa, akabaki. Alipokufa hapakuwa na ndugu yake hata mmoja wa kukaa msibani, na kwetu msiba usio na mwenyewe ni aibu ya kijiji kizima. Kobelo akamwosha, akamzika, akakaa matanga, na siku ya kuanua akakalishwa yeye kwenye kigoda. Kutoka kwake jina likashuka kwa baba, kwa kaka, hadi kwangu.

Mrithi wa jina ana kazi moja ya kwanza: kwenda kwa ndugu wa marehemu na kujitambulisha. Kobelo hakuwahi kwenda. Alichojua ni kwamba yule mtu alikuwa akisema kwao siyo Ulaya, kwao ni Natali, huko kusini. Mjukuu wa dada yangu anayesoma chuo Morogoro mjini ndiye aliyelitafuta jina kwenye mtandao. Alikuta ukurasa wa mzee mmoja wa Durban, hukohuko Natali, Werner Steinbach, aliyeandika historia ya jina hilo tangu Ujerumani, na chini kabisa mstari mmoja: Ernst, ndugu wa babu yake, alikwenda kaskazini na haijulikani alikofia. Nikamwambia binti aandike kwamba mimi ni Steinbach, mjukuu wa Ernst, nipo Mgeta. Jibu lilirudi kabla chai haijapoa. Mzee Werner alisema amengoja habari hii maisha yake yote, na akaniomba nije.

Sitawadanganya wasomaji wangu kwamba nilisukumwa na wajibu wa kimila peke yake. Nilitaka kukaa meza moja na mtu mwingine anayeitwa kama ninavyoitwa mimi. Nyumbani nilikuwa nimebaki peke yangu kiasi kwamba nilikuwa nawaaga kuku ninapokwenda shambani.

Wiki ya pili ya Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeanza, niliteremka Morogoro na kushika basi la kwenda kusini. Iringa, Mbeya, Tunduma. Hadi hapo nilikuwa bado namfahamu kila mtu kwa lugha. Baada ya Tunduma Kiswahili kilianza kupungua abiria mmoja mmoja, na kufika Lusaka nilibaki mimi na Kiingereza changu cha semina za pembejeo. Kwa siku mbili sikuzungumza na mtu zaidi ya kuuliza choo kilipo. Nilitazama mahindi ya watu dirishani, nikawalaumu kimoyomoyo kwa kuyapanda yamebanana.

Beitbridge, mpaka wa kuingia Afrika Kusini, foleni ilichukua saa tano. Ofisa wa uhamiaji, mama wa makamo, alisoma pasipoti yangu, akanitazama, akaisoma tena. Aliuliza jina hili nimelipata wapi. Nikasema kwa babu. Aliuliza kama babu alikuwa Mjerumani. Nikamjibu kwamba alikuwa Mjerumani na alikuwa Mluguru, kwa zamu. Alinitazama kama mtu anayeamua kama ana muda wa jambo hili, akagonga muhuri.

Durban niliingia siku ya tano, Jumamosi mchana. Mtanzania mwenzangu mmoja anayeuza viatu mjini alikuwa ameniombea chumba Umbilo, kwa mama wa Kikongo aitwaye Clarisse, mzaliwa wa Uvira, mwenye saluni kwenye barabara ya Umbilo. Anaishi ghorofa ya tatu. Alinipokea begi, akanionyesha chumba, akanipa masharti.

"Papa, karibu. Kitanda iko, maji ya moto iko. Ila dirisha ya jikoni usifungue, tumbili banaingia kuiba mikate."

Nilimuuliza majirani ni watu gani, ili kesho yake nikawasalimie kama ilivyo adabu. Alicheka kidogo. Alisema amekaa jengo lile miaka kumi na mbili, na jirani wa mlango wa pili anamjua kwa viatu vyake tu, maana huviacha nje. Usiku ule, wa kwanza baada ya kulala njiani mara nne, nilisikia watu wakipanda ngazi, kila mmoja akifungua makomeo yake mawili matatu, akiyafunga tena. Hata hivyo nililala vizuri, kwa sababu Jumatatu nilikuwa na miadi.

Jumatatu saa tatu asubuhi Mzee Werner alinifuata kwa pikapu nyeupe ya zamani. Ni mtu mrefu aliyepinda mgongo, ana miaka sabini na tisa na kifaa cha kusikilizia kwenye sikio la kushoto. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na akanitazama usoni kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Nadhani alikuwa anaitafuta pua ya babu yake. Kisha akasema, kwa Kiingereza, karibu nyumbani. Nilikuwa nimesafiri siku tano kusikia maneno hayo, na niliona aibu jinsi machozi yalivyokuwa karibu.

Nyumba yake ipo Queensburgh, juu ya kilima, miti ya jakaranda imemwaga maua ya zambarau barabara nzima. Mke alifariki. Mtoto mmoja yupo Australia, na wa pili amehamia Ujerumani, ambako babu zake walitoka. Vyumba vinne, mtu mmoja. Nilivijua vyumba hivyo bila kuonyeshwa, kwa vile milango ilivyofungwa na korido ilivyonukia kiwi ya viatu vya mtu mmoja.

Mezani alikuwa ameandaa keki na kahawa, na pembeni kitabu kikubwa chenye jalada la ngozi ambamo ukoo mzima umeandikwa kwa mkono. Alifanya kazi miaka arobaini kwenye maghala ya Clairwood, akihesabu makontena yanayotoka bandarini, na kila jioni aliporudi alikuwa akifuatilia hilo jina. Sasa alinisimulia, kidole chake kikitembea kwenye kurasa.

Steinbach, alisema, ni jina la mahali. Maana yake kijito chenye mawe, na vijiji vinavyoitwa hivyo Ujerumani viko vingi mno, kila bonde lenye kijito na mawe lina chake. Nikasema hata kwetu vingekuwa vingi. Lakini alitaka nielewe jambo moja. Ndani ya kijiji cha Steinbach hakuna anayeitwa Steinbach, kwa sababu wote wanatoka hapo, lisingemtofautisha mtu na mwenziwe. Jina hilo hupewa aliyeondoka, na wanaompa ni wale aliohamia kwao. Mkulima mmoja aliteremka kutoka vilimani, akaenda kuomba kazi nchi tambarare karibu na Osnabrück, na wenyeji wakamwita yule wa Steinbach. Watoto wake hawakuwahi kukiona kijiji chenyewe.

Vizazi kadhaa baadaye mmoja wao alipanda meli na familia thelathini na kitu kuja Natali kulima pamba. Walipewa ardhi hapa juu, mahali panapoitwa mpaka leo New Germany. Funza wakaila pamba. Wakageukia mboga, wakawa wanashusha kabichi na viazi kwa magari ya ng'ombe hadi soko la Durban. Ernst alizaliwa katika mboga hizo. Akiwa kijana aliona ardhi ya Natali imejaa ndugu zake, akasikia Wajerumani wana nchi nyingine kaskazini yenye milima na mvua, akaenda. Aliandika barua tatu. Ya tatu ilisema njegere zinamea vizuri kuliko nyumbani.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu wewe," alisema Mzee Werner, akanikatia keki.

Nilipaswa kusema palepale. Lakini kwangu hapakuwa na cha kusema. Nilikuwa mjukuu wa Ernst na nilikuwa nimefika. Tulitoka nje akanionyesha bustani yake, aliyoizungushia wavu kwa sababu ya tumbili. Maharage yake yalikuwa na kutu kwenye majani. Nilipiga magoti nikamwonyesha ilipoanzia, nikamweleza kwamba anamwagilia jioni na majani yanalala na maji. Aliniita mtaalamu. Alisema damu haipotei, Steinbach wote ni watu wa bustani. Nilifurahi kupita kiasi. Nilirudi Umbilo nikamweleza Mama Clarisse habari yote, mpaka akaniomba nimwache akaoge.

Jumatano nilikwenda tena, tukatazama picha. Siku hiyo ndipo alinionyesha ukurasa wa Ernst. Tarehe ya kuzaliwa ipo. Baada yake pamebaki nafasi tupu, karne nzima. Mzee Werner alisema Jumapili inayokuja amewaalika jamaa wote waliobaki Durban na Pinetown, watu kumi na tisa, kunywa kahawa kwenye ukumbi wa kanisa lao New Germany. Ananitambulisha, na mbele yao ananiandika kitabuni.

Alhamisi saa nne asubuhi, kwenye meza ileile, karibu na sahani ya keki, nilikuta kijisanduku cheupe, na ndani yake kichupa chembamba cha plastiki chenye kifuniko cha buluu.

"Ni mate tu," alisema. "Unatema humo mpaka kwenye mstari, tunatuma. Baada ya wiki sita wanatuambia tuna damu kiasi gani ya pamoja."

Ndipo nilipoelewa.

"Hatuna damu ya pamoja, mzee," nikasema.

Alirekebisha kifaa cha sikio. "Uliandika wewe ni mjukuu wake."

"Ndiyo. Ni mjukuu wake."

Nikamweleza yote, polepole, kwa Kiingereza changu cha pembejeo. Nilimweleza msiba usio na mwenyewe, kigoda, shuka, na jinsi mtu anavyokuwa marehemu. Nilimweleza kwamba kwetu hakuna anayeuliza damu akishajua nani alikaa kwenye kigoda. Nilimwambia hata kwamba, kwa haki, yeye ndiye anapaswa kuniita mimi babu mdogo, kwa kuwa ninakalia nafasi ya ndugu wa babu yake. Nilidhani hilo litamchekesha. Hakucheka.

"Kwa hiyo babu yako alikuwa mtumishi wake," alisema.

"Alikuwa mtunza bustani wake. Halafu akawa yeye."

Mzee Werner alichukua kile kichupa, akakirudisha ndani ya kijisanduku, akakifunika. Alikifunga na kitabu pia. Hakusema neno kali, na ningependelea aseme. Alisema tu kwamba amechoka, atanirudisha. Tulipofika kwenye robot ya barabara ya Umbilo, kwao robot ni taa za barabarani, nyekundu ikatusimamisha. Hapo alisema, akitazama mbele, kwamba ameshawaambia watu wote. Kisha taa ikawa kijani.

Ijumaa sikupata simu. Nilitembea kwa miguu hadi Clairwood, sina sababu ninayoweza kuitetea. Nilitaka kuona mahali alipofanya kazi. Ni malori, mageti na kuta ndefu, madereva wanalala chini ya matela yao wakisubiri mzigo. Mlinzi mmoja alinisalimu sawubona baba, akaniuliza namtafuta nani. Nikamwambia simtafuti mtu. Nilirudi Umbilo nikihesabu siku zilizobaki kabla ya basi langu la Jumatatu. Nilikuwa na hasira pia, na hasira hiyo sikujua niipeleke wapi. Mtu aliyeosha maiti, akachimba kaburi na kukaa siku zote za matanga, ameitwa mtumishi. Na aliyeniita ndugu kwa siku tatu alikuwa anaongea na pua asiyoiona.

Jumamosi Mama Clarisse aliniona nimekaa kitandani na viatu miguuni, sitoki wala sivui.

"Papa, banakukatala?"

Nikasema ndiyo, wamenikataa.

"Bon. Miye famille yangu balinikatala kwa WhatsApp, bakanitosha inje ya group. Wewe hata balikupatia keki. Njo kula sombe."

Nikala; sombe yao ni kisamvu chetu. Alikaa na mimi mpaka nimemaliza, jambo ambalo siyo kawaida yake, maana Jumamosi ndiyo siku ya wateja. Aliniuliza kuhusu Ernst, alikuwa na sura gani. Nikagundua sijui. Nilijua alivyokufa tu.

Jumapili saa mbili na nusu kengele ya chini ililia. Alikuwa Mzee Werner, amevaa suti nyeusi na tai. Alisema tu niingie garini. Nilipanda nilivyokuwa, na koti la kaka yangu Aloisi juu.

Tulipopita Queensburgh ndipo alipoanza kusema. Kanisani kwao, alisema, Jumapili ya mwisho kabla ya majilio ni siku ya wafu. Husomwa majina ya waliofariki mwaka huo, na kila jina linawashiwa mshumaa. Ernst hakuwahi kusomwa. Mama yake alikataa. Alisema hawezi kumwashia mshumaa mtoto ambaye hajaambiwa kwamba amekufa. Babu yake Werner akaendelea kukataa, kwa heshima ya mama. Baada ya hapo hakuna aliyekumbuka hata kukataa. Usiku wa Alhamisi yeye mwenyewe hakulala, na Ijumaa alimpigia mchungaji.

"Wanataka mwaka," alisema. "Unaujua?"

Nilimwambia nilivyoambiwa: mvua za vuli, mwaka ule Waingereza walipoingia Morogoro. Alifikiri kidogo, akatikisa kichwa kukubali. Historia ya vita aliijua vizuri kuliko mimi.

Kanisa ni dogo, kuta nyeupe, makaburi ya wale wa pamba yapo nyuma. Nilikaa benchi la tatu, mwisho kabisa, karibu na ukuta, na hakuna aliyekaa karibu yangu. Mchungaji alisoma majina sita ya mwaka huo kwa Kiingereza, na la saba kwa Kijerumani. Nililisikia jina langu likisomwa kati ya wafu. Mzee Werner alisimama kwenda kuwasha mshumaa. Kiberiti kilimzimikia mara mbili. Nilitamani aniite nimsaidie, nilikuwa nimeshakaza miguu kusimama. Hakuniita, ukawaka mara ya tatu.

Ukumbini jamaa kumi na tisa walinipa mikono kwa mpangilio mzuri, kila mmoja akasema amefurahi, kila mmoja akarudi kwenye meza yake. Mzee Werner alikuwa amesema kwa kifupi kwamba mimi natoka mahali Ernst alipozikwa. Nilisimama karibu na birika nikishika kikombe. Nilizijua keki zote kwa sura kabla mtu hajanisemesha.

Aliyenisemesha ni Bi Hedwig, dada mkubwa wa Werner, ana miaka themanini na nane na yupo kwenye kiti cha magurudumu. Alimwamuru mwanamke mmoja amsukume mpaka nilipo. Hakuuliza mimi ni nani, wala damu, wala kitabu.

"Alipokufa," aliuliza, "palikuwa na mtu?"

Kiti cha Ernst nilikuwa nimekalishwa mimi. Ndugu wa marehemu anauliza, na mrithi anajibu. Kazi hiyo haikuwa imefanywa na Kobelo, wala baba, wala Aloisi. Niliweka kikombe chini.

"Nilikufa asubuhi," nikamwambia. "Mvua ilikuwa inanyesha. Kobelo alikuwa amenishika kichwa. Niliuliza kama njegere zimeota, akaniambia zimeota. Sikuwa peke yangu."

Ukumbi haukunyamaza, watu waliendelea na keki zao. Lakini Mzee Werner alikuwa nyuma ya kiti cha dada yake na alisikia kila neno. Bi Hedwig alinishika mkono akasema kitu kirefu kwa Kijerumani, akinitazama mimi. Hakuna aliyenitafsiria na sikuomba. Alinishika mpaka kahawa yangu ikapoa.

Mchana ule, Queensburgh, Mzee Werner alifungua kitabu. Kwenye nafasi tupu aliandika mwaka na mahali: Mgeta, Uluguru. Chini yake aliniuliza herufi moja moja za jina Kobelo, akaandika kwamba huyu ndiye aliyemwosha, akamzika na kumlilia. Kisha kalamu yake ilisimama juu ya safu ya watoto.

"Kitabu hiki ni cha damu," alisema. "Siwezi."

"Najua," nikasema.

Ni kweli nilijua, na ni kweli iliniuma. Nasema wazi: nilitaka kuandikwa. Nilitaka hata iwe kwa penseli.

Jumatatu alinipeleka kituo cha mabasi. Alinipa mfuko wa mbegu za maharage yake na keki iliyofungwa kwenye karatasi ya fedha. Tulipeana mikono. Kisha, mzee yule wa miaka sabini na tisa, akiwa ameinamisha kichwa kama mtoto anayeamkia, akaniambia, "Safari njema, babu mdogo." Safari hii pia hakucheka, na mimi sikucheka.

Kurudi kulikuwa kurefu kuliko kwenda. Beitbridge zamu ilikuwa ya ofisa mwingine, hakuuliza kitu. Keki niliimaliza kabla ya Lusaka. Tunduma niliposikia wachuuzi wakigombana kwa Kiswahili nilijisikia nafuu, kisha nikakumbuka kwamba hakuna anayenisubiri, nikatazama mashamba dirishani mpaka Morogoro.

Mgeta nilifika Jumamosi mchana. Watu waliniuliza za safari, nikasema nzuri, wakasema pole na uchovu, wakaendelea na kazi zao. Ni msimu wa kupalilia. Hakuna aliyetaka zaidi ya hapo, na ndiyo maana nimekaa kuiandika. Nilichojifunza naweza kukisema kwa ufupi. Niliondoka nikidhani nakwenda kutafuta ndugu. Kumbe nilikuwa nimetumwa kupeleka taarifa ya msiba, imechelewa zaidi ya miaka mia moja, na taarifa ya msiba ikishafika, aliyeileta hupewa maji ya kunywa na hurudi kwao.

Jumapili baada ya misa nilipanda hadi kaburi la Ernst, juu ya matuta ya njegere. Niling'oa majani, nikakaa. Nilimsimulia safari yote kwa sauti, kituo kwa kituo, maana sikuwa na mtu mwingine wa kumsimulia: mpaka, mama wa Uvira, mjukuu wa ndugu yake, yule mrefu mwenye sikio bovu, mshumaa uliowaka mara ya tatu, mkono wa Hedwig. Nilimwambia jina lake limesomwa. Kisha nikamwambia jambo ambalo sikumwambia Bi Hedwig, kwamba pale ukumbini, wakati namjibu kwa niaba yake, nilikuwa namwonea wivu yeye, Ernst, aliyekuwa na mtu wa kumshika kichwa.